Blanketi la Mama Mkwe

Tangu wateremke kwenye basi pale Makambako, Mektilda hakuwa amemwambia mumewe neno lisilo na mwiba. Safari ya kutoka Bukoba ni ndefu, inatosha kuichosha hasira ya mtu wa kawaida. Ya Mektilda haikuchoka. Ililala naye Kahama, ikaamka naye Dodoma, na ilipofika nyanda za juu ilikuwa imeshiba na kupata nguvu mpya.

Alikuja kumchukua binti yake, basi. Hakuja kusalimia watu wala kutembea. Angela, mwalimu, binti yake wa pekee, aliyesomeshwa kwa kahawa na kwa mgongo wa mama yake shambani, alikuwa ameingia nyumbani kwa mwanamume huku Njombe bila posa, bila mshenga, bila hata jogoo wa kusingizia. Alipiga simu tu akasema, "Mama, nimekuwa mke wa mtu." Mektilda akakata, na tangu siku hiyo simu ya Angela ikawa inaita weee mpaka inanyamaza yenyewe. Upande wa mwanamume nao walijaribu. Mzee mmoja mwenye sauti ya upole alianza kusalimia, na kabla hajamaliza kuulizia hali ya mifugo, simu ilikwisha kuzimwa.

Ndiyo maana alitaka gari la kukodi. Basi linakupangia muda wa kuondoka, na gari la mwenyeji linakufunga mdomo, maana huwezi kumtukana mtu halafu ukaomba lifti. Gari la kukodi halina aibu. Unaingia, unamtia mtoto wako ndani na begi lake, unageuza, unaondoka na kiburi chako kizima.

Makambako haina upungufu wa magari, ila la kukodi bila dereva lilikuwa la kutafuta kwa tochi. Mwishowe walielekezwa kwa Elius, muuza misumari na mabati jirani na stendi, mwenye Noah moja nyeupe. Elius alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu ilikuwa Juni na baridi ya huku mwezi wa Juni haina mchezo.

"Mnaenda kwa nani?" aliuliza.

"Wewe unakodisha gari au unaposa?" Mektilda akamjibu.

"Nauliza tu, mama. Huku gari ikitoka lazima tujue imeenda kwa nani. Ikigoma, tunampigia huyo."

"Ikigoma mpigie fundi."

Rodrick, mumewe, akaingilia kati kwa kikohozi. "Tunaenda Njombe mjini, ndugu yangu. Kwa binti yetu."

"Aa, kwa mtoto!" Elius akafurahi kana kwamba mtoto ni wake. "Ana watoto wangapi sasa?"

Mektilda akanyoosha kiganja. Funguo zikatua juu yake.

Ile Noah ilikuwa na mambo yake. Ndani ilinuka viazi. Kitufe cha joto kilipobonyezwa kilileta baridi, na kilipozimwa baridi iliendelea. Redio ilikamata stesheni moja tu, ya kwaya, na haikuwa na njia ya kuinyamazisha. Kioo cha kushoto hakikukaa juu. Ukikiachia kinazama mlangoni chote. Rodrick, ambaye daktari wa macho alikwisha mkataza usukani, alikaa upande huo na kukishikilia kwa kiganja kama mtu anayezuia ukuta usianguke.

"Hii ndiyo gari," alisema Mektilda walipoacha nyumba za mwisho za mji. "Hii ndiyo gari ya watu waliomchukua mtoto wangu."

"Elius hajamchukua mtoto wako," Rodrick akasema kwa utaratibu.

"Wote ni walewale."

Kwake, kweli, wote walikuwa walewale. Mkoa mzima ulikuwa umemwibia. Milima iliyopandwa misonobari mpaka kileleni, mashamba ya parachichi yaliyonyooshwa kwa kamba, wanawake waliobeba magunia ya mkaa huku wamejifunga mablanketi mabegani, malori ya mbao yaliyopanda vilima kwa kusuasua na kumlazimisha kunusa moshi wao, vyote alivihesabu upande wa adui. Hapakuwa na mgomba hata mmoja wa maana. Aliiona migomba miwili nyuma ya nyumba moja, myembamba, imeungua majani kwa baridi, akaicheka kwa sauti.

Rodrick alikuwa bwana shamba maisha yake yote ya kazi, na kustaafu hakukumponya. "Hebu tazama udongo huu, Mama Angela. Hapa ukitupa jiwe linaota."

"Udongo huohuo ndio uliommeza binti yako."

"Na viazi hivyo. Ona majani yake. Hawa watu wanalima, aisee."

"Baba Angela, nikikusikia tena unasifia, nakuteremsha hapa hapa ukaishi nao."

Akanyamaza. Walipofika njiapanda yenye kibao cha Kichiwa alinyamaza zaidi, akageuza uso kabisa na kuangalia upande mwingine, kwenye bonde ambako ukungu ulikuwa bado haujainuka. Mektilda hakumwona. Alikuwa analipita lori la mbao, huku anapiga honi na kumlaani dereva wake kwa Kihaya, kwaya ikiimba.

Njombe mjini walifika ukungu umeanza kukatika. Alichokijua Mektilda ni kwamba Angela alipangisha chumba karibu na shule aliyoanzia kazi, nyumba ya mama mmoja anayeitwa Eveline, basi. Alisimamisha gari pembeni ya mzee aliyevaa kofia ya sufi, akatoa kichwa nje.

"Mzee, kwa mama Eveline, anayepangisha walimu, ni wapi?"

"Kamwene," mzee akasema.

"Nauliza kwa mama Eveline."

"Kamwene, mama," mzee akarudia, bila haraka, kama mwalimu anayemngoja mtoto atamke vizuri.

Rodrick akajipenyeza mbele ya mkewe kuitikia salamu. "Kamwene, mzee wangu."

"Kamwene! Mmeamkaje? Mmetoka mbali? Poleni na safari. Mama Eveline ni ile nyumba yenye mlango wa kijani. Twendeni." Na akatangulia mbele ya gari kwa miguu, taratibu, fimbo mkononi, Mektilda akimfuata na gia ya kwanza na meno yameumana. Alijisikia anapelekwa msibani.

Eveline aliwakaribisha kwenye jiko la mkaa, akamimina chai kabla hajauliza majina. Alipojua ni kina nani, akapiga makofi ya furaha. "Wazazi wa mwalimu! Lakini mwalimu hayupo hapa siku nyingi. Yuko Kichiwa, kwa mumewe. Mmepita njiapanda yake asubuhi hii." Akamgeukia Rodrick. "Lakini baba si unajua? Mwalimu aliniambia baba amepiga simu, ameelekezwa mpaka nyumbani."

Chai ya Mektilda haikufika mdomoni. Aliweka kikombe chini, akaaga kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake, akatoka nje, akaingia garini, akafunga mlango, akamngoja mumewe afunge wake na kukamata kioo chake.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tumepita njiapanda. Wewe ukiwa hapo, umeshika kioo."

"Nilidhani mpaka Njombe na kurudi utakuwa umepoa kidogo." Rodrick alisema hivyo akiangalia magoti yake. "Nimekuwa nikizungumza naye, Mama Angela. Kila Jumapili ukiwa kanisani. Ni mtoto. Mtoto akikunyea kiganjani huukati mkono."

"Na mama yake je? Mama yake anakatwa?"

Kilichomuuma Mektilda hakikuwa ile safari ya bure. Kilimuuma kwamba kwa miezi yote ile, wakati yeye anaiacha simu iite na kujidai kuwa nyumba nzima imegoma, mgomo ulikuwa wa mtu mmoja. Aligeuza Noah katikati ya barabara, magurudumu yakapiga kelele, yule mzee wa kofia ya sufi akapunga mkono kuwaaga.

Barabara ya kuingia Kichiwa ilikuwa ya vumbi jekundu, na kwa kuwa kioo cha kushoto kilishuka kila walipotumbukia shimoni, vumbi liliingia na kuwapaka wote wawili. Watu waliokuwa mashambani walisimama wakainua majembe kusalimia. Rodrick alipunga mkono wake ulio huru. Mektilda aliendesha. Moyoni alikuwa anapanga maneno yake, anayachagua na kuyanoa, maana alitaka yakifika yakate. Atamwambia yule mwanamume kwamba ni mwizi. Kwamba kwao Bukoba hata anayeiba mkungu wa ndizi huacha nyayo, ila yeye kaiba mtu na hata nyayo hakuacha. Atamwambia machoni, mbele ya mama yake mzazi, mbele ya majirani, halafu atamtia Angela garini. Bila kumpa huyo bwana vidonge vyake, safari nzima ingekuwa bure.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jekundu, uani kreti za parachichi zimepangwa kivulini. Kijana wa miaka thelathini na ushei, kavaa buti za mpira, alikuwa anachambua parachichi, kubwa huku, ndogo kule. Aliona gari, akamwona Rodrick akitoa kichwa, akaanza kutabasamu na kuja mbio kupokea wageni. Hapo ndipo Mektilda alipofungua mlango wa upande wake na kusimama.

Angela ni sura ya mama yake mtupu. Mtu yeyote aliyemjua Angela angemjua Mektilda hata gizani. Kijana alisimama kama aliyegonga ukuta. Akavuta koti lake akajifunika kichwa kizima, akageuka, akapiga kumbo kreti, akaruka uzio wa matete na kutokomea kwenye misonobari. Parachichi zilibingirika uani mpaka kwenye gurudumu la gari.

"Huyo ndiye?" Mektilda aliuliza. "Baba Angela, nakuuliza. Huyo anayekimbia ndiye mwanamume wenyewe?"

Angela akatoka jikoni, mikono ina unga. Alikuwa amenenepa kidogo na kavaa sweta la kiume. Alisimama mbali kidogo, akapiga goti. "Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba."

"Kalete begi lako uingie garini," mama yake akasema.

Nyuma ya Angela alitokea mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kichwani, naye akija huku ameinama na viganja vimekutana. Huyu alikuwa Kristina, mjane, mama wa yule kijana aliyekimbia, Yoeli. "Kamwene, kamwene, karibuni, wageni wetu. Karibuni sana. Mama, usimkasirikie mwanangu. Amekuheshimu."

"Kunikimbia ndiyo heshima?"

"Kwetu ndiyo, mama. Mkwe wa kiume haruhusiwi kumwona mama mkwe usoni mpaka amfunike blanketi. Siku hizi wengi wa mjini wameacha, lakini marehemu baba yake alituachia neno, tusiache."

"Mimi sijawa mama mkwe wa mtu," Mektilda alisema, na sauti yake ilivuka uzio, majirani wakaanza kutoka. "Mwambieni aje hapa. Nimetoka Bukoba. Nataka aje asimame hapa nimwambie ninachotaka kumwambia, halafu naondoka na mwanangu. Asipokuja, basi mwizi ni mwizi, mchana au usiku!"

Hakuja. Alichokuja nacho Kristina ni kigoda, kisha maji ya kunawa, kisha viazi vya kuchemsha vinavyotoa moshi. Mektilda hakukaa, hakunawa, hakula. Rodrick yeye alikwisha chukuliwa na baba mdogo wa Yoeli, mzee Ebeneza, wakapotelea nyuma ya nyumba. Mwiko ule haukumhusu baba mkwe. Punde kicheko cha mumewe kikasikika kutoka kwenye misonobari, na baada yake kicheko cha kijana, na baada yake Rodrick akiuliza kwa sauti ya bwana shamba hasa parachichi hizi mlizipandikiza lini.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Waitu jamani! Mumewe alikuwa anacheka na mwizi, amekaa naye, anaiona sura yake, na yeye mwenye uchungu, yeye aliyebeba mimba na kuendesha kile kibanda cha magurudumu, anaachiwa mgongo wa mtu na koti. Alimwita Ebeneza kwa jina bila kumtangulizia mzee wala baba.

Ebeneza akaja bila haraka, akipangusa vumbi la mikono. Ndiye aliyekuwa na ile sauti ya simu.

"Niambie," Mektilda akasema. "Nimwone huyu mtu kwa njia gani?"

"Njia ni moja, mama. Blanketi lako lipo ndani tangu masika, Yoeli alilinunua mwenyewe. Ukikubali kufunikwa, anakuja, tunamfunua, unamwona na yeye anakuona. Kuanzia hapo ni mwanao. Umtume, umgombeze, umpige hata na mwiko wa ugali, ni haki yako."

"Na nikikataa kufunikwa?"

"Basi hatakuona mpaka afe. Ukija kwa mlango huu, atatokea ule."

Mektilda aliuona ule mtego ulivyotegwa, akauchukia. Ili amtukane yule mwanamume sharti kwanza amkubali. Akimkataa, matusi yote aliyoyabeba kutoka ziwani yatarudi naye kwenye basi, hayajafunguliwa.

"Na kuna neno la kwanza," Kristina akaongeza kwa sauti ya chini, akidhani anamtia moyo. "Mama mkwe akishafunikwa, jambo la kwanza atakalomwomba mkwe wake halikataliwi. Halijadiliwi."

"Mimi wangu aliomba kisima," alisema Ebeneza, akatikisa kichwa. "Kwenye mwamba. Nilichimba tangu Pasaka mpaka watu wanavuna mahindi."

Mektilda akamtazama. "Jambo lolote?"

"Lolote, mama."

"Na akikataa?"

"Hawezi kukataa. Akikataa hana tena mke wala nyumba, hata mimi sitampa mkono."

Aliposikia hivyo akaketi kwenye kigoda kwa mara ya kwanza. Uso wake ukatulia, na Angela, aliyekuwa amejibanza kwenye mlango wa jiko, akamwona mama yake anavyotulia, akapatwa na wasiwasi. Anamjua. "Mama, unataka kufanya nini?"

"Nafuata mila za watu. Leteni hilo blanketi."

Vigelegele vilipasuka ua mzima. Wanawake wa jirani waliokuwa wanachungulia waliingia ndani sasa bila kificho. Kristina akaleta blanketi likiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, zito, jekundu, lina picha ya chui katikati, akalikunjua na kumfunika Mektilda mabegani, machozi yakimtoka, akimwita dada. Lilikuwa blanketi la joto. Hilo nalo lilimuudhi, maana alikuwa anatetemeka kwa baridi tangu asubuhi na hakutaka kupata nafuu kutoka kwa watu hawa.

Yoeli aliletwa kutoka kwenye misonobari, koti kichwani, Ebeneza amemshika mkono upande huu na Rodrick upande ule. Rodrick alikuwa anatabasamu hadi jino la mwisho. Wakamsimamisha mbele ya kigoda. Ebeneza akalivuta koti. Mektilda akamwona: masikio makubwa, majani ya msonobari kwenye nywele, midomo imekauka. Macho yake yalikuwa chini. Hakufanana na mwizi wala na mtu mwingine yeyote aliyemfikiria njiani.

"Haya, mama mkwe," alisema Ebeneza. "Neno lako la kwanza."

Wanawake wengine walikwisha anza kubashiri kwa kunong'ona, shuka, sijui mbuzi.

Mektilda alisema, "Nirudishie binti yangu."

Kristina alishika mdomo. Rodrick alisema, "Mektilda," jina ambalo hakuwahi kulitumia tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Ebeneza hakuweza kulipinga, kwa sababu mila aliisema yeye mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

Yoeli hakuinua macho. Aligeuka akaingia ndani. Alitoka na begi la Angela, lile la bluu alilonunuliwa na mama yake alipokwenda chuo. Akalipeleka kwenye Noah, akafungua mlango wa nyuma, akalipakia. Akarudi ndani, akatoka na mfuko wa vitabu vya kufundishia, akaupakia pia, akausogeza vizuri ili usidondoke. Alikuwa analia bila sauti, na hakuthubutu kujipangusa. Kristina alikaa chini, kwenye vumbi, katikati ya parachichi zilizobingirika, akaanza kuomboleza kwa Kibena kama aliyefiwa.

Na Mektilda, ambaye sasa alikuwa amepata kila alichokifuata, alikuta hasira yake imekaa palepale, haijapungua hata tone.

Angela aliruka kutoka mlangoni. Alifika kwenye gari, akafungua, akalivuta begi likaanguka chini, akavuta na vitabu. Kisha akageuka, na ukimtazama alivyosimama usingejua yupi mama yupi binti.

"Yeye amefungwa na mwiko, hawezi kukataa," alisema. "Mimi naweza. Mimi sikufunikwa blanketi na mtu. Mama, tangu ufike hapa umesema na kila mtu. Umemwita mzee wa watu kwa jina. Umedai nirudishwe kama sufuria ya jirani. Mimi mwenyewe hujaniuliza hata nimelalaje! Miezi yote hii hujaniuliza. Siendi. Ukitaka kunitukana nitukane, ila siendi."

Hakuna mtoto wa Mektilda aliyewahi kumwambia hivyo. Mkono ulimwasha. Lakini aliyekuwa karibu naye alikuwa Yoeli, aliyerudi kusimama mahali pake, mikono imening'inia, anangoja, na Mektilda akamgeukia yeye na hasira yote ya njia nzima.

"Na wewe! Wewe ni mwanamume wa namna gani? Nimekuambia nirudishie, unakimbilia begi! Hata kubisha? Hata kusema mama ngoja kwanza? Mimi nimemzaa huyu, nimemlea, nimemsomesha, halafu wewe unampakia kama kreti ya parachichi kwa sababu gari limekuja? Ndivyo alivyo rahisi kwako? Mtu akija kesho akamtaka, utambebea begi mpaka barabarani?"

"Ni neno la kwanza, mama," alisema Yoeli, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. "Halikataliwi."

"Na la pili?"

Yoeli akamtupia jicho Ebeneza. Mzee akajikuna kidevu. "La pili ni mazungumzo ya kawaida tu, mama. La pili mtu anaweza kulikataa."

Mektilda alisimama. Blanketi lilimteleza bega moja, akalirudisha kwa nguvu. Alimsogelea mkwewe mpaka wakabakiza hatua moja kati yao.

"Basi nisikilize vizuri, na hili ndilo la pili. Nirudishie binti yangu."

Yoeli akainua macho. Yalikuwa mekundu, na yalitua usoni mwa Mektilda na kubaki hapo, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine uani pale, hata mumewe, aliyekuwa amelithubutu siku ile.

"Simrudishi, mama," alisema. "Nakataa."

Mektilda alipitia yote aliyoyanoa njiani, la mwizi, la nyayo, la mkungu wa ndizi, na hakuna hata moja lililomfaa mtu aliyesimama mbele yake. Akarudi kwenye kigoda na kukaa. Hasira bado alikuwa nayo, na alikusudia kukaa nayo siku kadhaa. Akamwona binti yake bado amesimama karibu na gari, amelikumbatia begi la bluu.

"Haya, wewe," alimwambia, kwa ukali uleule. "Umelalaje?"